Besi sita na basi moja: kwaya na timu ya soka zilipogongana katika shule moja ya Pwani

Kisa hiki kilitokea katika shule ya upili ya mseto, katika mojawapo ya kaunti za Pwani ya Kenya. Jina la shule, la mji, na majina ya walimu na wanafunzi yameondolewa, na mambo madogo machache yamegeuzwa ili mtu asiitambue shule kwa kubahatisha. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya ratiba. Pale lawama inapotajwa, sehemu yake ni yangu.

Mazingira

Shule ina wanafunzi wapatao 620, wa bweni na wa kutwa. Ina uwanja mmoja wa mpira wenye mteremko upande wa kaskazini na basi moja la viti 51. Chumba cha muziki hakuna. Kwaya hufanyia mazoezi kwenye bwalo la chakula, na wapishi huanza kupanga sahani mapema, kwa hiyo mwisho wa mazoezi huamuliwa na harufu ya maharagwe kuliko na kengele.

Anayeijua kalenda ya shule za Kenya anajua muhula wa pili ulivyobanana. Muhula wa kwanza una drama, riadha, mpira wa vikapu, magongo na mengineyo. Wa pili una soka, voliboli na netiboli, na una Tamasha la Muziki, lililoanza mwaka wa 1927 na ambalo fainali zake za kitaifa huwa Agosti. Soka na muziki hupanda ngazi zile zile katika wiki zile zile: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa. Migongano ya tarehe huwa imejengwa ndani ya muhula kabla hata mwalimu hajashika chaki.

Muda nao ni finyu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zimetenga saa 9:30 alasiri hadi saa 10:45 kwa shughuli za ziada, yaani dakika 75. Toa dakika za kubadilisha sare, za kutafuta funguo za stoo na za wale wanaoitwa na mwalimu wa zamu kumalizia usafi, utabaki na saa moja. Fedha ni hivyo hivyo. Katika mgao wa serikali wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 1,500 ndizo za shughuli hizi, na humo humo mpira, muziki, drama na kongamano la sayansi vyote vinachota. Tena hufika kwa vipande, na kwa kuchelewa.

Kuna walimu wawili wa kuwajua. Wa kwanza ni kocha wa soka, mwalimu wa Fizikia, mwenye miaka mingi pale na mjumbe wa kamati ya michezo ya kaunti ndogo. Wa pili ni mwalimu wa kwaya, kijana aliyeajiriwa na bodi ya shule, si na Tume ya Huduma za Walimu. Alikuwa anafundisha Muziki na Dini kwa mshahara uliokuwa ukichelewa kila karo ilipochelewa. Naitaja ajira yake kwa sababu kwenye chumba cha walimu sauti ya mtu hupimwa pia kwa barua yake ya kuajiriwa, hata kama hatukubali.

Mwaka uliotangulia timu ilifika fainali ya kaunti, na kwaya ikafika kanda. Kila upande uliingia muhula huu ukiwa na kitu cha kutetea.

Wiki za kwanza: wavulana tisa

Kwaya ilikuwa na waimbaji 40: sauti ya kwanza 13, ya pili 11, ya tatu 7, na ya nne, yaani besi, 9. Sauti ya tatu na ya nne ni za wavulana. Katika wavulana hao 16, tisa walikuwa pia kwenye kikosi cha soka. Sita walikuwa besi na watatu sauti ya tatu.

Haikuwa bahati mbaya. Mvulana ambaye sauti imeshavunjika, mwenye mapafu ya kukimbia dakika tisini, asiyeona haya kusimama mbele za watu, ndiye huyo huyo kocha na mwalimu wa kwaya wanayemtafuta. Katika shule ya mseto hawako wengi.

Wiki ya kwanza kila mwalimu aliwaita watoto wake saa 9:30. Wale tisa wakawa wanakimbia. Dakika ishirini bwaloni, kisha uwanjani na jasho la kukimbia juani kabla ya mazoezi yenyewe. Wengine walianza uwanjani, wakaja bwaloni wakiwa na njumu mkononi na koo kavu. Kocha akaanza kuwaadhibu wachelewaji kwa kuwazungusha uwanja, na mwalimu wa kwaya akaanza kuwasimamisha pembeni. Kufikia wiki ya tatu wawili walikuwa wamepata mbinu ya kitoto lakini ya busara: walimwambia kila mwalimu kuwa wako kwa mwenzake, wakaenda kulala bwenini.

Kwenye chumba cha walimu watu walirudia “mshika mbili moja humponyoka” kana kwamba wale vijana ndio waliokosea. Hakuna aliyesema kuwa aliyeshika mbili ni shule yenyewe.

Uamuzi wa kwanza: kugawana siku

Kamati ilikaa wiki ya nne. Tuligawa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa soka, Jumanne na Alhamisi muziki. Tulipendelea mpango huu kwa sababu ulionekana wa haki, ungeweza kubandikwa ukutani, na ungetutoa kikaoni kabla ya chai. Hiyo sababu ya mwisho haikuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, lakini ilikuwepo.

Mpango ulidumu siku kumi. Mechi zilipokuwa Ijumaa, kocha aliomba Alhamisi ya “mazoezi mepesi” na akapewa. Mwalimu wa kwaya hakuomba siku ya fidia. Nilipomuuliza baadaye alisema aliogopa kuonekana msumbufu wakati mkataba wake ulikuwa unakaribia kuhuishwa. Kwaya ikabaki na Jumanne moja kwa wiki.

Tamasha la kaunti ndogo lilipita vizuri hata hivyo. Shule zilikuwa chache katika daraja letu, na siku haikugongana na mechi yoyote. Tulirudi na barua ya kufuzu kwa nyimbo mbili: wimbo wa lazima, ule ambao kila shule ya daraja hilo huuimba kwa sauti nne, na wimbo wa kiasili wa Kimijikenda wenye kayamba na ngoma. Ushindi huo ulitudhuru, maana tulidhani ratiba inafanya kazi.

Uamuzi wa pili: usiku

Ili kufidia Alhamisi, mwalimu wa kwaya aliruhusiwa kuchukua saa moja ya masomo ya usiku, Jumatano na Alhamisi. Ilikuwa njia rahisi kwa sababu haikumgusa kocha. Iliwagusa wengine. Mwalimu wa Hisabati aliyekuwa akitumia saa hiyo kwa kidato cha nne alikuja juu, na kusema kweli alikuwa na haki.

Tatizo kubwa zaidi hatukuliona hadi mwanafunzi mmoja aliposema. Waimbaji 14 kati ya 40 walikuwa wa kutwa. Saa mbili usiku walikuwa nyumbani. Tulikuwa tumepanga mazoezi ambayo zaidi ya theluthi ya kwaya haingeweza kufika, na katika wiki mbili hakuna mwanakamati aliyehesabu.

Wiki ya tarehe mbili

Barua ya tamasha la kaunti ilifika Jumatatu: daraja letu lingeimba Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Mashindano ya soka ya kaunti yalianza Alhamisi hiyo, katika mji mwingine, upande wa pili wa kaunti. Kocha alikuwa ameijua tarehe yake kwa wiki tatu, kwa kuwa alikuwepo kikaoni ilipopangwa. Tayari alikuwa amejaza daftari la gari: basi, Alhamisi hadi Jumamosi.

Mwalimu mkuu aliita watu watatu ofisini kwake na kuamua ndani ya dakika kumi. Wale tisa waende na timu, basi liende na timu, kwaya ikodishiwe matatu tatu. Sababu zake zilikuwa hizi, na sizidharau. Orodha ya wachezaji 18 ilikuwa imeshapigwa muhuri na kupelekwa. Timu isipotokea, mpinzani anapewa ushindi wa bure na shule inaandikiwa barua. Kwaya, alisema, “hata wakiwa wachache wataimba.” Na daftari la gari lilikuwa limejazwa kwa utaratibu.

Mwalimu wa kwaya akachukua vijana watano wa kidato cha pili na kuwafundisha sauti ya nne kwa siku mbili, solfa, yaani noti za do-re-mi, ikiwa imeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa bwalo. Watatu walikuwa na sikio zuri. Wawili walifuata wenzao nusu pigo nyuma.

Alhamisi asubuhi basi la viti 51 liliondoka na watu 22. Kwaya ya watu 36, pamoja na mwalimu, matroni, ngoma, kayamba na mavazi, ilijipanga kwenye matatu tatu za viti 14, kwa jumla ya shilingi 19,500. Mbili zilifika pamoja. Ya tatu, yenye ngoma na mavazi, ilifika dakika ishirini kabla ya zamu ya wimbo wa kiasili, dereva akiwa amesimama njiani kushusha mzigo wake mwenyewe.

Matokeo

Wimbo wa lazima: nafasi ya sita kati ya shule saba. Mwamuzi alisifu sauti ya kwanza, kisha akasema kwa upole kwamba alikuwa anaona paa zuri na akawa anatafuta nguzo.

Wimbo wa kiasili: nafasi ya pili, na tikiti ya kwenda kanda. Sababu ni ya kimuziki. Wimbo ule ni wa mwimbishaji na waitikiaji. Unabebwa na kayamba, miguu na yule msichana aliyeuongoza, hautegemei sauti ya nne. Pengo lililouangusha wimbo mmoja halikuugusa mwingine.

Timu ilitoka sare mbili, ikafungwa mechi moja, ikaaga kwenye makundi. Jumamosi jioni walirudi. Jumatatu niliomba fomu za mechi na kuzisoma jina kwa jina. Kati ya wale tisa, watano walicheza. Wanne hawakuingia uwanjani hata dakika moja, na watatu kati ya hao wanne walikuwa besi.

Watatu hao, wangesimama na wale watatu tuliobaki nao, wangetupa besi sita wanaoujua wimbo. Badala yake walikaa siku tatu kwenye benchi wakiwa wamevaa vizibao vya akiba.

Wiki iliyofuata tuliwaita wote tisa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kuwauliza wanataka nini. Nilitarajia wengi waseme soka. Wanne walisema soka, watatu wakasema kwaya, mmoja alisema angependa vyote ila anachoka. Wa tisa, mrefu kuliko wote, alisema, “Mwalimu, mimi nilijua sitachezeshwa. Ningeulizwa ningesema.”

Kwenye kanda tulishika nafasi ya tatu kwa wimbo wa kiasili, hatukufika taifa.

Uchambuzi: tuligawa kitu kisichokuwa na mgogoro

Kosa letu la msingi lilikuwa kudhani kwamba ugomvi ni wa saa. Saa zilikuwa chache, ndiyo, lakini wachezaji tisa na waimbaji 31 hawakuwa na mgogoro wowote na mtu. Uwanja na bwalo vingeweza kutumika kwa wakati mmoja kila siku ya Mungu. Kilichogombaniwa kilikuwa watoto tisa, na sisi tukawapangia upya watu 49 ili kuepuka kuzungumza na hao tisa.

Tena, soka na kwaya havifanani kwa namna ya kukatika. Kocha anaweza kufundisha mabeki leo na washambuliaji kesho, na ana wachezaji wa akiba kwa mujibu wa kanuni. Kwaya nayo hukatika, ila kwa sauti: besi peke yao, sauti ya pili peke yao. Kisichowezekana ni kuunganisha sauti nne huku moja haipo. Mwalimu wa kwaya alilijua hili tangu siku ya kwanza, ila kila alipopewa siku aliwaita wote 40, kwa kuwa hakuwa na uhakika wa kupewa siku nyingine. Uhaba ulimfanya atumie vibaya hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Tarehe ndilo jambo la pili. Kocha hakumpora mtu. Alijaza daftari kwanza kwa sababu aliipata habari kwanza, na aliipata kwanza kwa sababu alikuwa kwenye kamati. Sisi tuliuita utaratibu ule wa daftari haki, kumbe ulikuwa ukimpa kipaumbele mwenye masikio ya karibu. Halafu daftari lenyewe lilikuwa linauliza tarehe na mahali, haliulizi watu wangapi.

Kuna suala la hasara inayoonekana. Timu isipofika, hasara ina jina, ina barua na ina mtu wa kuisoma mbele ya bodi. Kwaya ikiimba bila nguzo, hasara ni nafasi ya sita, na nafasi ya sita haimwandikii mwalimu mkuu barua. Niliona akiamua kwa kuepuka aibu yenye karatasi. Ningekuwa mimi pale mezani kwake, na barua mbili mbele yangu, nadhani ningeamua vile vile.

Wenzetu wa Tanzania wanaweza kuuliza kwa nini tusiweke kila kitu kapu moja, maana mashindano yao ya shule za sekondari, UMISSETA, huwa na kwaya na ngoma pamoja na mipira. Kapu moja lingetuondolea barua mbili. Lisingetuzalia besi wengine. Hata mtaala wetu mpya umeziweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kwenye mkondo mmoja wa sekondari ya juu, ulioanza na Gredi ya 10 Januari 2026, na nina shaka kama mkondo huo utarefusha alasiri.

Tulichobadilisha, na kilichokataa kubadilika

Mwaka uliofuata tulianza na orodha ya majina. Kufikia wiki ya pili kila mwalimu alileta majina yake, tukayapigia mstari yanayojirudia. Yalikuwa saba. Hao saba walikuja bwaloni saa 9:30 hadi saa 10:05 kwa mazoezi ya sauti yao tu, kisha uwanjani, ambako kocha alianza na mazoezi ya viungo ya wengine. Kwaya nzima ilikutana Jumanne na Jumamosi asubuhi.

Jumamosi ilifanya kazi nusu. Kati ya waimbaji wa kutwa tuliokuwa nao, karibu theluthi hawakufika kwa kawaida. Nauli, au mama ana genge sokoni na mtoto ndiye mkono wake wa siku hiyo. Hatukupata jibu la hilo.

Kwa tarehe zinazogongana tuliweka sheria: kocha ataje wachezaji 13 anaotarajia kweli kuwatumia, na asiyekuwemo humo ni wa kwaya siku hiyo. Kocha aliipinga akisema mguu hauvunjiki kwa ratiba. Alikuwa na sababu. Mgongano ulitokea mara moja, ngazi ya kaunti ndogo, na vijana wawili wakaenda kuimba. Beki wa kulia aliteguka kipindi cha kwanza, aliyefaa kumrithi alikuwa kwenye jukwaa kilomita kumi na tano mbali, na timu ikafungwa bao moja kwa bila. Kocha hunikumbusha bado, kila tunapokutana kwenye foleni ya chai. Wimbo wa lazima siku hiyo ulishika nafasi ya kwanza. Ila sitadai kuwa ni sheria yetu iliyoushindisha, maana mwaka huo sauti ya tatu ilikuwa na vijana wa ajabu.

Ambalo hatukulitabiri ni kuondoka kwa mwalimu wa kwaya. Tume ilimwajiri na kumpeleka kaunti nyingine katikati ya mwaka, na tulipoangalia hakuna mwingine shuleni aliyeweza kusoma solfa. Tulikuwa tumetumia miezi kupigania dakika za kwaya, na kwaya yenyewe ilikuwa imelala kichwani mwa mtu mmoja ambaye mkataba wake tulikuwa tukiuhuisha kwa miezi mitatu mitatu. Msichana aliyekuwa mwimbishaji ndiye aliyeendesha mazoezi hadi muhula ulipoisha, na bodi bado inatafuta mtu.

Daftari la gari sasa lina safu moja zaidi, iliyochorwa kwa rula na kalamu nyekundu: idadi ya abiria.